Mikono Chini ya Meza

Asubuhi ya kikao, Sauti alilipiga pasi shati lake jeupe mara mbili. Alipotaka kulirudia tena, mkewe akamnyang'anya pasi.

"Utaliunguza. Kwani unaoa tena?"

"Leo ndiyo leo," akajibu Sauti. "Wakitugomea leo, sijui tugonge mlango gani."

"Hawagomi. Unakwenda wewe."

Waliyasema hayo kwa mikono, maana wote wawili ni viziwi, na kelele pekee iliyokuwapo ilitoka uani, ambako mama yake Sauti alikuwa akigombana na jiko lisilotaka kushika moto. Mimi nitayaandika kama maneno kwa sababu ni maneno. Asiyependa, shauri yake.

Viziwi wa mji ule hawaitani kwa majina ya kwenye vyeti. Kila mtu ana ishara yake, na mwenye haki ya kuitoa ni kiziwi mwenzake, si mzazi wala mwalimu. Mke alikuwa Uzi, kidole kimoja kikizungushwa hewani, kwa kuwa anafuma masweta ya shule kwa mashine iliyofungwa pale dirishani. Mume alikuwa Sauti, vidole viwili vikigusa koo. Yeye hakuzaliwa kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimchukulia masikio akiwa darasa la tano, ikamwachia ulimi. Alizungumza vizuri, alisoma magazeti, na ukimgeuzia uso kwenye mwanga alikusoma midomo mpaka unaogopa. Alikuwa mchora mabango ya maduka, mpaka zilipoingia mashine za kuchapa picha kwenye turubai na wateja wakamkimbia. Tangu hapo ngazi na makopo yake ya rangi vilikaa uvunguni mwa kitanda, na nyumba ikalishwa na masweta.

Alipofika kwenye chama cha viziwi mara ya kwanza, kijana mwenye ndevu tayari, hakujua hata ishara ya maji. Mama yake alikuwa amemkataza mikono. "Mwanangu si bubu," ndivyo alivyowaambia watu, na kila mkono wa mtoto uliponyanyuka aliupiga kofi. Uzi ndiye aliyemfundisha, ishara moja moja, akimshika vidole na kuvinyoosha. Yeye ndiye aliyempa jina. Ndoa yao ilianzia kwenye masomo hayo, na wenzao waliwatania kwamba mwalimu amekula ada kwa njia ya panya.

Ila kulikuwa na jambo ambalo halikutaniwa. Mwaka uliotangulia Uzi aliingia leba peke yake, maana wanaume hawapiti ule mlango. Wakunga walivaa barakoa. Mmoja alimpigia kelele asisukume, kitovu kimemzonga mtoto shingoni. Uzi aliona macho makali na kitambaa kinachopanda na kushuka, akadhani anahimizwa. Akaongeza nguvu. Mtoto akatoka hana uhai, na mkunga akawaambia wenzake kwamba mama mwenyewe ni mkaidi. Sababu yenyewe Uzi alikuja kuijua siku ya kurudi nyumbani, kutoka kwa mumewe, ambaye naye aliipata koridoni kwa mfagizi.

Ndipo chama kikashika dai moja: hospitali iajiri mkalimani, mwanamke, awezaye kuingia leba. Tena mtu mwenyewe yupo. Msusi mmoja wa mtaa wa nyuma, binti wa baba kiziwi na mama kiziwi, alijua ishara kabla ya kujua kutembea. Sauti, kwa kuwa ndiye mwenyekiti na ndiye mwenye ulimi, akapewa kazi ya kwenda na kurudi hospitalini. Sasa Uzi alikuwa na mimba nyingine, tumbo limeshashuka, na mumewe alikuwa amemwekea ahadi mkono ukiwa juu ya tumbo hilo: safari hii huingii peke yako.

"Mwambie mkeo avae shali, kuna baridi!" mama mkwe akapaza sauti dirishani. Mama huyu aliamini kwamba kiziwi ni mtu aliye mbali, ukimpigia kelele vya kutosha atafika.

"Anasemaje?" akauliza Uzi.

"Anatutakia heri."

* * *

Walikwenda pamoja kwa kuwa ilikuwa pia siku ya kliniki ya Uzi. Katika korido ya hospitali kulikuwa na benchi refu la kina mama wajawazito, na mkabala wa benchi ilikuwa ofisi ya katibu wa hospitali. Ofisi ilikuwa mpya, ya kisasa, na ukuta wake wote wa kuelekea koridoni ulikuwa kioo.

Sauti aliingia, akaamkia, akageuka, akafunga mlango taratibu. Hapo ndipo ninapomshangaa mpaka leo. Mwanamume anayeishi na mke kiziwi, naye mwenyewe kiziwi, anafunga mlango na kuacha kioo wazi! Labda kwa sababu ndivyo wanavyofanya wakubwa, na yeye siku ile alitaka sana kufanana na wakubwa.

Uzi akakaa benchini na kadi yake mkononi. Nesi alikuwa akitokeza kwenye mlango wa kliniki, uso umezama kwenye mafaili, anaita jina, kisha huyo ndani. Wakaingia aliowakuta. Wakaingia waliokuja baada yake. Akaingia hata yule aliyefika akihema na kuuliza kama hapa ndipo penyewe. Uzi akainuka, akamwonyesha nesi kadi, akagusa sikio lake na kutikisa kichwa. Nesi akamwelekeza benchi kwa kidevu.

"Subiri uitwe."

Aitwe! Na nani, kwa njia gani? Lakini Uzi alikuwa amezoea. Akarudi kukaa, na kwa kuwa hakuwa na jingine la kufanya, akamtazama mumewe.

Mle ndani katibu alikuwa amempa Sauti kiti kizuri na kumwagizia chai. Alikuwa mtu aliyenyolewa ndevu zote, anayezungumza polepole, na pembeni yake alikaa matroni wa hospitali.

"Mwenyekiti, nikizungumza na wewe nasahau kabisa kama husikii," alisema katibu. "Nakusifu kila mahali. Matroni, si nasema kila siku?"

"Kila siku," alisema matroni.

"Laiti wote wangekuwa kama wewe!"

Sauti alijua fika kwamba lile ni tusi kwa wenzake. Akatabasamu, akalipokea kama zawadi.

"Sasa tuzungumze kikubwa," katibu akaendelea. "Nafasi ya ajira ninayo moja tu. Naweza kumpa huyo msusi wenu, mambo yakaishia hapo. Ila wafadhili wametuletea skrini. Moja mapokezi, moja kliniki, moja leba. Nesi anaandika, mgonjwa anasoma ukutani. Basi! Kinachotakiwa ni mtu wa kuzisimamia, afisa wa mawasiliano. Meza yake, kiti chake, kitambulisho, mshahara kila mwezi. Mimi nimemfikiria mtu anayejua kusoma, anayejua hali za wenzake, na anayeelewana na sisi bila taabu."

"Wengi wetu hawajui kusoma," alisema Sauti. Nampa haki yake, alilisema. Viziwi wa umri wao walisomeshwa na walimu waliozungumza na ubao, mgongo kwa darasa. Uzi mwenyewe alijua tarakimu na alama za saizi za masweta, sentensi ilimpita.

"Watazoea. Au unaonaje wewe mtaalamu?"

Sauti aliinamia chai yake. Aliyafikiria makopo ya rangi yaliyokaukia uvunguni. Alimfikiria mama yake anayewaambia majirani kwamba mwanawe "anapumzika kidogo". Alijifikiria anavyonyoosha mkono kwa mkewe kila anapotaka kwenda kinyozi. Na mtoto yuko njiani. Mtu akitaka sababu, haikosi.

"Mkeo naye je?" akauliza matroni. "Si ndiye aliyepatwa na lile jambo? Hataleta maneno?"

Sauti akaanza kujieleza kwa ile sauti yake nzuri, na mikono iliyokuwa imelala mapajani, chini ya meza, ikaamka. Wala hakujua. Ilikuwa mazoea tu, kama wewe unavyotikisa kichwa ukizungumza kwenye simu na mtu asiyekuona. Miaka yote ya kuishi na Uzi ilikuwa imeifundisha mikono yake kufuatana na mdomo, na mdomo uliposema, mikono nayo ikasema, midogo midogo, karibu na magoti. Katibu na matroni waliiona meza. Aliyekaa benchini, kwa upande, aliyaona magoti.

Uzi akasoma: "Mkalimani si lazima. Skrini inatosha. Watazoea. Mke wangu nitamfundisha kusoma mwenyewe."

Akadhani ameona vibaya. Akasogea mpaka mwisho wa benchi, mng'ao wa kioo ukamwondokea machoni. Katibu alikuwa akiuliza jambo, na mikono ikajibu: "Chama niachieni mimi. Nitawaambia nyinyi ndio mmekataa."

Mtoto alimgeuka tumboni. Uzi akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, na jirani yake akamgusa bega kumuuliza kama uchungu umeanza. Akatikisa kichwa. Mle ndani watu watatu walikuwa wamesimama, wanapeana mikono, wanacheka.

Sauti alipotoka alikuwa ameshavaa uso wa kununa tangu mlangoni.

"Wamekataa," akasema. "Nimepigana mpaka jasho limenitoka."

"Wamesemaje?"

"Hakuna fungu. Wameleta skrini za maandishi badala yake."

"Na wewe ulisemaje?"

"Niliwasihi. Niliwasimulia habari za mtoto wetu, matroni akatokwa na machozi."

Uzi alimwangalia usoni, kisha akaiangalia mikono yake. Sauti angekiri kwamba wamemrubuni, Uzi angemkasirikia siku mbili, zikaisha. Lakini mtoto wao! Hata jina la ishara hakuwahi kulipata, na leo baba yake anamtoa kaburini kuja kuupamba uongo. Lilimchoma mahali ambapo hakujua kama bado panaweza kuchomwa.

"Twende nyumbani," akasema. Kliniki hakuitwa mpaka wanaondoka.

* * *

Nyumbani alikaa kwenye mashine yake, akawa anavuta kigari cha uzi kushoto na kulia bila kuhesabu mistari. Dirishani aliwaona mume na mama mkwe wamesimama uani, wanazungumza kwa midomo.

"Ofisini? Wewe?" mama alisema. "Na kitambulisho shingoni?"

"Shingoni, mama."

"Ee Mola wangu! Wacha waje waone sasa, wale waliokuwa wanakucheka!"

"Ila usimwambie yeye kwanza."

"Nimwambie kwa lugha gani, baba? Mimi na yeye tunaongea?"

Uzi aliona kinywa cha mama mkwe kimefunguka, ulimi unapiga huku na huku, kiganja kimeinuliwa juu ya mdomo. Vigelegele anavijua, kiziwi yeyote anavijua. Majirani wawili wakatokeza, nao wakapiga vyao. Nyumba yake mwenyewe, iliyojengwa kwa masweta yake, ilikuwa inashangilia, na yeye hajui kitu.

"Kuna nini?" akamuuliza mumewe alipoingia.

"Binamu yangu amechumbiwa."

"Yupi?"

"Yule mdogo. Humjui."

Akamwacha. Siku zilizofuata akampa nafasi, tena na tena. Wakila, anamuuliza: hakuna jambo umesahau kuniambia? Hakuna. Wakikunja masweta: katibu hakusema kingine? Hakusema. Alikuwa akitaka kudanganywa kidogo kuliko hapo, au kuambiwa ukweli hata nusu, apate pa kushika. Hakupewa.

* * *

Chama kilikutana Jumapili mchana katika darasa la kuazima, lenye madirisha madogo na taa inayowaka mchana kutwa. Viti walivipanga duara, kila mtu amwone kila mtu. Msusi alikuwepo, amekaa pembeni kama kawaida yake, maana ingawa anasikia alilelewa humo.

Sauti alisimama katikati, akaeleza. Hospitali imekataa, hakuna fungu. Yeye hakukubali kutoka mikono mitupu, amepigania skrini, na amekubali kuzisimamia mwenyewe ili wenzake wasionewe. Ni mzigo, lakini ataubeba. Baadhi yao wakainua viganja na kuvitikisa hewani, ndivyo wanavyopiga makofi.

Fundi viatu, mzee wao kuliko wote, hakuinua chake.

"Sisi tusiosoma je?"

"Nitakuwepo mimi."

"Na leba utaingia?"

"Tutaona utaratibu."

"Utaratibu gani? Wewe mwanamume."

"Mzee, niliwapigia magoti. Walikataa. Nifanye nini zaidi?"

Taa ikazimika, ikawaka, ikazimika, ikawaka. Watu wote wakageukia swichi, maana mwenye kushika swichi ndiye mwenye zamu ya kusema. Alikuwa Uzi. Akaja mpaka katikati akishikilia kiuno, akaomba kiti, akakaa kiupande. Akaweka mikono mapajani.

Kila kiziwi ana namna yake ya mikono, kama kila mtu alivyo na sauti yake. Sauti alikuwa na kidole cha mwisho kigumu, kinachosimama muda wote, kwa sababu ya miaka ya kushika brashi. Alipenda kuinua kidevu kabla ya kila sentensi. Na ishara zake zilifuatana kama maneno ya mdomoni, si kama za waliozaliwa viziwi. Uzi akakisimamisha kidole cha mwisho. Akainua kidevu. Akarudia yote, kwa udogo ule ule, kutoka "mkalimani si lazima" mpaka "nitawaambia nyinyi ndio mmekataa". Darasa zima lilimwona Sauti ndani ya mikono ya mkewe, na hakuna aliyeuliza ushahidi mwingine.

"Uongo!" Sauti akasema. "Ulikuwa mbali. Kioo kile kina mng'ao."

"Mikono hiyo nimeifundisha mimi," akasema Uzi. "Nitaikosea?"

"Nilifanya kwa ajili yako! Kwa ajili ya mtoto! Unadhani masweta yatatulisha mpaka lini?"

"Kwa hiyo ulisema," akasema fundi viatu.

Siri ilikuwa imeshamtoka. Sauti akazunguka akitafuta uso mmoja wa kumwonea huruma. Alipoukosa, akafanya jambo ambalo hajawahi kulifanya mle ndani tangu ajiunge. Akashusha mikono yake kabisa, akasema kwa mdomo. Alisema kwa nguvu, mishipa ya shingo ikamsimama, akamaliza, akachukua koti lake.

Watu hamsini wakamgeukia Msusi.

"Amesema nini?"

Msusi akasita. Tangu utotoni kazi yake ilikuwa kuyabeba maneno ya watu kama yalivyo, hata ya wenye maduka waliowatukana wazazi wake mbele yake. Aliapa hatapunguza wala kuongeza. Lakini safari hii mikono ilikuwa mizito.

"Sema," akamwambia Uzi. "Kama alivyosema."

"Amesema: ndiyo maana mtabaki mabubu hivyo hivyo."

Uzi alilijua neno lile. Sauti mwenyewe alimsimulia, zamani, jinsi lilivyomtia haya utotoni, jinsi mama yake alivyolitamka na kumpiga mikono, na alilia alipokuwa akisimulia. Alikuwa amelitunza miaka yote hiyo, leo kalitoa kuwapiga nalo waliompokea. Uzi akafunika uso kwa viganja, akalia palepale kwenye kiti, bila kuona haya.

* * *

Walimvua uenyekiti siku ile ile. Kesho yake fundi viatu na wenzake wakaenda hospitalini na Msusi. Katibu hakumtazama Msusi hata mara moja. Aliandika kwenye skrini mpya, akaipiga kofi kwa fahari, na wazee wakabaki wanaitolea macho herufi. Msusi ndiye aliyewasomea: mwenyekiti wenu ameshakubali, nafasi imejazwa, karibuni.

Sauti akaanza kazi. Alivaa shati jeupe na kitambulisho, akakaa kwenye meza ya mapokezi. Nyumbani alilala ukingoni mwa kitanda kile kile. Mkewe alimpikia, alimfulia. Akimuuliza swali, alimjibu kwa kichwa, ndiyo au siyo. Mikono yake haikumwambia kitu tena. Mama mkwe aliwaambia majirani kwamba nyumba imetulia siku hizi.

Uchungu ulimshika Uzi asubuhi moja, akiwa kwenye mashine. Hakumtuma mtu kwa mumewe. Alimtuma mtoto wa jirani kwa Msusi, na Msusi akamwacha mteja kichwa nusu hakijasukwa, akaja mbio. Alikwenda bure, kwa kusema uongo kwamba ni dada yake, na wote wawili walijua kwamba uongo huo utafanya kazi mara moja tu. Wanawake wengine wa chama watakuja kuzaa, na Msusi ana watoto wa kulisha.

Katika mlango wa leba nesi aliwazuia. "Ndugu mmoja tu, tena mwanamke."

Sauti akatokea mbio kutoka mapokezi, kitambulisho kinamrukaruka kifuani. Akajiweka mbele ya mkewe.

"Mbona hukuniambia? Skrini ya ndani nimeiwasha mwenyewe. Matroni ameniruhusu nikae hapa hapa mlangoni. Nimekosa. Najua nimekosa. Nitaacha kazi, nitawaambia wamwajiri yeye. Niangalie. Uzi, niangalie!"

Uzi alimwangalia. Alikuwa ameegemea ukuta, jasho linamtiririka, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama atanyanyua mkono. Kisha akafumba macho.

Wewe na mimi mtu akitupa mgongo, bado tutamsemesha mgongo wake, na maneno yatafika apende asipende. Kiziwi akifumba macho, amefunga nyumba nzima. Sauti alimshika mabega. Akamshika mikono, akajaribu kuzifanya ishara ndani ya viganja vyake, Uzi akavikunja. Mwishowe akamwita kwa mdomo, jina lake la cheti, kwa nguvu zake zote. Korido nzima iligeuka, kina mama wote wa benchini, nesi, mfagizi. Yeye tu ndiye hakugeuka. Msusi alimshika kiwiko akamwongoza ndani, macho yakiwa bado yamefumbwa, na mlango ukafungwa.

Mle ndani skrini iliwaka ukutani, na nesi aliyetakiwa kuandika alikuwa na glovu zilizoloa damu. Kwa hiyo haikuandika kitu. Msusi alivalishwa barakoa kama wengine, akasimama juu ya kijukwaa, mikono yake mahali ambapo Uzi anaiona. Pumua. Ngoja. Usisukume. Bado, bado, usisukume, mkunga anamgeuza bega. Ngoja, mama. Haya sasa. Sasa! Uzi alifanya kila kitu kama alivyoambiwa. Mkunga mmoja alisema kumbe ni mtu msikivu, na Msusi akalibeba neno hilo pia, kama lilivyo, na Uzi akacheka katikati ya maumivu.

Baadaye, mtoto akiwa kifuani, Msusi alimuuliza: "Yuko nje. Nimwambieje?"

Uzi alifikiri. "Mama mkwe mwambie kwa mdomo, ndiyo lugha yake. Na yeye mwambie kwa mdomo. Ameichagua."

Nje, Sauti alikuwa amesimama pale pale, na mama yake ameshafika na khanga mbili mpya begani. Msusi akatoka. Barakoa alikuwa nayo bado, na mikono ameiweka nyuma. Akasema maneno machache. Sauti akaona kitambaa kinapanda na kushuka. Akasoma macho, macho hayakumwambia kitu.

"Rudia," akasema. "Vua hiyo. Nioneshe. Mzima?"

Msusi akasema tena, vile vile.

Mama yake alidaka khanga zisianguke, akainua kiganja juu ya mdomo, ulimi ukapiga huku na huku. Akawageukia kina mama wa benchini, akawakumbatia mmoja mmoja, mgongo wake kwa mwanawe. Sauti akamvuta nguo. Mama hakugeuka, furaha ilikuwa imemchukua. Basi ni mzima, hilo akalijua. Akamrudia Msusi, kitambulisho chake mkononi kama anayeomba kuruhusiwa kupita.

"Wa kike au wa kiume?" akauliza, kwa ile sauti yake nzuri.

Msusi akamjibu, kwa mdomo, ndani ya barakoa.